Kijiko cha Kwanza

Kwetu Goma, chupa ya soda hufunguliwa mbele ya mgeni, na aliyepika huonja kwanza. Hatusemi kwa nini. Tunaogopa karuho, sumu ya polepole ambayo, watu husema, humkausha mtu huku tumbo likivimba. Mimi niliiamini kuliko Rozari, na Rozari nilisali kila siku.

Kaka yangu alikuwa fundi hapa mtaa wa Ndosho, akichonga chukudu, hizo baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Alipoanza kukonda, kulowesha shuka kwa jasho, na upande wa kushoto wa tumbo ukawa mgumu kama ubao, sikuhitaji daktari. Nilimtazama mke wake. Nani mwingine alikuwa akimpikia?

Nilimwambia huyo wifi yangu mbele ya ukoo mzima. "Mulamu, ulimutilia nini mutoto wa mama yangu?" Alilia, akaapa kwa Mungu. Nikamfukuza aende kwa shangazi yake, mtaa wa Mapendo. Kisha nikampeleka kaka hadi mji wa Kiwanja, kwa mama mmoja anayetapisha watu sumu. Tulikaa huko miezi minne. Kila alipotapika nilichungulia beseni, na kila mara niliiona sumu, maana macho yangu yalikwisha kuamua.

Damu ilipoanza kumtoka puani bila kukatika, nilimrudisha Goma, hospitali. Walimtoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, wakautuma mbali kupimwa. Majibu yalipofika daktari aliniita, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninashona nguo.

"Basi utasikia vizuri, mama. Damu inazaliwaka ndani ya mufupa. Kila chembe ya damu iko na maagizo yake, yenye kuandikwa mu ma-kromozome. Zinakuwa sawa nyuzi. Zile nyuzi zinakatikaka, na chembe yenyewe inashonaka pale penye kukatika. Kwa huyu, nyuzi mbili zilikatika wakati moja. Kipande ya moja ikashonewa kwa ingine."

Nilielewa upesi, bahati mbaya. Niliwahi kukata sare mbili kwa pamoja, nikashona mkono wa moja kwenye nyingine. Nilifumua, mteja akacheka, yakaisha. Nikamuuliza kwa nini hii nayo isifumuliwe.

"Haiwezekani. Ile chembe moja ilishazala zingine, na zote ziko na ule mushono. Pale penye vipande viliungana, palitoka amri ya mupya: zala, zala, usisimame."

"Na nani alizikata?" Nilikuwa bado natafuta mtu.

"Hakuna mutu, mama. Zilikatika zenyewe. Haiko chakula, haiko sumu. Ni leukemia, kansa ya damu. Vidonge vya kufunga ile amri viko, lakini vinasaidia sana wakati ugonjwa iko muchanga. Mulichelewa."

Nilitaka kumpiga yule daktari. Kisha nikataka kujipiga mwenyewe. Ile miezi minne niliipoteza mimi, kwa mikono yangu, na sikuwa na wa kumfukuza tena.

Kaka hakuniuliza majibu. Aliomba kitu kimoja tu, sombe, kile kisamvu cha mke wake.

Nilikwenda Mapendo kwa miguu, nikapiga magoti uani kwake, juu ya yale mawe ya volkano. "Mulamu, nilikusingizia. Unisamehe." Aliingia ndani, akatoa kinu, akaanza kutwanga majani ya muhogo.

Hospitalini alifunua sufuria kando ya kitanda. Kaka alifumbua mdomo kama kinda. Lakini mkewe alichota kijiko cha kwanza, akakitia kinywani mwake, akatafuna, akameza, macho yake yakiwa kwangu. Kaka alisubiri mdomo wazi. Ndipo mkewe akamlisha, naye kaka akashindwa kumeza. Sombe ikamtiririka kidevuni. Alifariki siku ya tatu.

Sasa tunakaa ua mmoja, mimi na huyo wifi yangu. Aliniambia amenisamehe, na ninamwamini. Nimemsihi mara nyingi aache, lakini kila anaponipakulia chakula huchota kijiko cha kwanza, akala yeye, akafumbua kinywa nione kuwa amemeza. Halafu hunisogezea sahani.