Swali la Siri la Leonia

Kompyuta ya Leonia ilikaa sebuleni kwake, Uru, juu ya meza iliyokuwa ya redio, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Binti yake Hilda ndiye aliyemletea kutoka Dar es Salaam, mama yake alipostaafu ukarani wa shule. Leonia aliilea kama mtoto mchanga: wajukuu hawakuigusa, paka alifukuzwa kwa fagio, na radi ikinguruma aliichomoa kwenye umeme kabla hajaanua nguo. Mlango wa sebule ulikuwa na kufuli mbili. Masikini, mwizi aliyemjia hakuwa na haja ya mlango.

Alikuwa mjane wa Antoni, na alikuwa msemakweli mpaka akachosha watu. Ukimkaribisha chakula kisicho na chumvi, atakuambia hakina chumvi, na bado atakila chote. Kitu kimoja tu alikuwa akikisubiri duniani, naye alikisema bila haya: kulala kando ya Antoni, pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, ambapo alikuwa ameacha nafasi yake na kuipalilia kwa mkono wake.

Sasa, zamani alipofungua barua pepe, mtandao ulimwuliza swali la siri, la kumtambua siku atakaposahau neno lake la kuingilia: Mama yako mzazi anaitwa nani? Leonia, kwa ukweli wake ule ule, akaandika: Hilda.

Hebu niambie, hiyo ni siri gani huku mlimani? Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama. Ndivyo tulivyozaliwa na ndivyo tunavyozaa. Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti yake, Leonia alikuwa akiweka picha mtandaoni na kuandika, "Hongera Hilda, binti yangu wa pili." Mchagga yeyote akisoma hapo ameshamjua bibi, hata kama bibi alikufa kabla umeme haujafika Uru. Waliotunga swali lile hawakuzijua mila zetu. Aliyelijibu kwa niaba ya Leonia alizijua vizuri sana, na hilo ndilo linalonichoma mimi: mwizi huyu hakutoka mbali.

Alipoingia kwenye barua pepe ile alikuta karamu imeandaliwa. Picha ya kitambulisho cha taifa ilikuwemo, na cheti cha kifo cha Antoni pia, kwa sababu Leonia alivituma alipokuwa akifuatilia mafao ya mumewe na hakuwahi kuvifuta. Zilikuwemo na picha za kihamba, migomba na kahawa iliyoiva, alizowapelekea watoto. Mwizi akafungua ukurasa wenye jina la Leonia na uso wa Leonia, akatangaza shamba linauzwa.

Kuuza kihamba! Mtu huuza ng'ombe, huuza hata mabati ya paa lake akizidiwa. Lakini shamba la ukoo, wanamolala wafu na watakamolala walio hai, haliuzwi, na anayelitia sokoni hatazamwi tena usoni.

Jumamosi moja, ukoo ukiwa shambani unapogoa kahawa, gari jeupe likaegeshwa njiani. Akashuka bwana mmoja wa Dar aitwaye Wilson, pamoja na mpima ardhi.

"Shikamoo mzee," alimwambia Efraimu, mdogo wa marehemu Antoni. "Nimekuja kupimiwa shamba nililouziwa na Mama Leonia."

Akamwonyesha simu. Efraimu akaona kitambulisho cha shemeji yake. Akaona na cheti cha kifo cha kaka yake mwenyewe. Akapaza sauti kumwita Leonia.

Leonia alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga.

"Shemeji, mimi sijauza kitu. Huyu bwana simjui."

"Mama, tumeandikiana muda wote huo, leo hunijui?" Wilson alimaka. Naye alikuwa ameibiwa, lakini hilo hakulijua bado.

"Cheti cha Antoni kilikuwa kwa nani?" Efraimu aliuliza.

"Kwangu."

"Kimefikaje kwa huyu?"

"Sijui, shemeji."

Ukweli mtupu, na ukweli huo ndio uliomfunga.

Alishuka mjini, Majengo, kwa fundi wa kompyuta aitwaye Isack. Yule alitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, kuna mtu alijibu swali lako la siri, akabadilisha neno la kuingilia."

"Lakini mimi nilijibu sawasawa!"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Pale unaandika kitu ambacho hata ndugu yako hawezi kukibuni. Ungeandika hata mtori wa ndizi."

Isack alimwekea neno jipya refu, akaweka na namba ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu yake kila anapotaka kuingia, akafuta picha za vyeti. Kazi nzuri, nani atabisha? Lakini maji yalikwishamwagika.

Askari wa mjini naye alimweleza Efraimu ana kwa ana kwamba ukurasa ule haukufunguliwa kwenye kompyuta ya Leonia wala kwenye simu yake. Efraimu alimsikiliza kwa adabu zote. Alipofika nyumbani akasema, "Askari anajua mambo ya simu. Mimi najua cheti cha kaka yangu kilikuwa mikononi mwa nani." Wengine wakaongezea kwamba lisemwalo lipo. Sala za jumuiya zilizokuwa zikifanyika kwa Leonia zikahamishiwa nyumba nyingine, bila mtu kumwambia. Alikuta kwake viti vimepangwa na hakuna wa kuvikalia.

Kisha shinikizo la damu likamlaza. Efraimu alipokuja kumjulia hali, Leonia alimwuliza moja kwa moja, "Nikifa, mtanizika wapi?"

"Aliyetaka kuuza kaburi la mumewe hawezi kulala kando yake, shemeji. Si mimi, ni ukoo." Akainamisha kichwa. "Ila ukileta isale, yataisha."

Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Mkosaji akilishika na kwenda nalo kwa aliyemkosea, hakuna wa kumnyima msamaha. Hilda aliposikia, alipiga simu akilia.

"Mama, usithubutu! Ukilibeba umekiri!"

"Mwanangu, wewe utazikwa kwa mumeo. Mimi nitazikwa wapi?"

Jumapili, baada ya misa, Leonia akachuma isale, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akaenda nalo mpaka kwa Efraimu, ukoo wote ukiwa umekaa uani. Efraimu alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Mzee yule alimpenda kweli, na alisamehe kweli. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, na Leonia akapewa kata ya kwanza.

"Unaona, shemeji?" Efraimu alisema kwa upole. "Ungekiri tangu siku ile, tusingefika huku kote."

"Ni kweli, shemeji. Nilikosa."

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza kutoka kinywani mwa Leonia tangu mambo yale yaanze, na ndilo neno lake pekee ambalo wote walilipokea bila kuuliza swali.