Kadi Nyekundu kwa Baba wa Bibi Harusi

Juzi jioni nilialikwa Ruiru, kwenye klabu ya watu wanaojifunza kuhutubia. Aliyesimama kwanza alikuwa mzee fundi cherehani kutoka Thika, anayejiandaa kuzungumza kwenye harusi ya binti yake. Mkewe aliketi nyuma akimngojea.

Mzee alianza huku akivuta ukosi wa shati. "Binti yangu, karo nililipa mimi, lakini aliyekulea ni mama yako. Hata nilipokosa kazi, hakuniacha nione aibu kurudi nyumbani."

Mtunza saa akainua kadi nyekundu kuonyesha kwamba muda umekwisha. Mzee akaanza kurudi kitini.

"Ngoja hapo, mzee wangu!" mkewe akaita. "Na wewe wa kadi, hebu iweke chini. Hajawahi kuniambia haya tangu tuoane. Wacha amalize."

Tulicheka, kadi ikashuka. Mzee akamgeukia mkewe, akaendelea bila kuvuta ukosi tena.

Baadaye mwenyekiti alimshauri afupishe hotuba. Mkewe akamjibia: "Harusini afupishe. Nyumbani aongeze."

Nami nilipofika kwangu nikamwita mke wangu, nikaanza kumsifu. Akaniuliza nimevunja nini.