Vidole Viwili Udongoni

Kila asubuhi mlinzi wa shamba la majaribio ya pamba huchomeka vidole viwili udongoni, hunong'ona namba ya unyevu, kisha humtania mtafiti Zulhumor: "Mashine yako imeshaamka, profesa?" Mashine hiyo ya kupima unyevu haijawahi kumpinga. Ilipokufa kwa siku saba, Zulhumor alijitungia namba saba za unyevu ofisini, peke yake, ili awahi kutuma makala yake kwenye mkutano wa kilimo jijini Tashkenti. Hakumwambia mtu. Alipotoka, alimkuta mlinzi amepiga magoti, akizitaja zote saba kwa mfuatano uleule.

"Umezitoa wapi, baba?"

"Niambie wewe, binti. Udongo hauzijui."

Vidole vyake havikuwa na hata chembe ya udongo. Zulhumor alirudi ofisini akazifuta namba zile saba, na mkutano ukapita bila makala yake.