Maneno Aliyoyaruka Mkalimani

Joram Oduor alikuwa katekista na mkalimani wa kanisa letu, lile la mabati lililo kati ya Nyamasaria na ziwa. Alikuwa amesoma shule ya misheni, na Kiingereza chake kilimpa heshima kuliko shamba lake. Mwaka wa 1963 kasisi wetu alikuwa Mwingereza aliyehudumia makanisa saba kwa pikipiki moja. Kijaluo hakujua. Aliyotuambia na tuliyomwambia, yote yalipita mdomoni mwa Joram.

Mwaka huo ziwa lilikuwa limefurika, maji yakakataa kurudi. Nyumba ya Seline, mjane mwenye watoto watatu, iliingia maji mpaka kuta zikaanguka. Ouma, mdogo wa marehemu mumewe, akamjengea nyingine juu kwenye mwinuko. Sasa kwetu, mwanamume akimjengea mjane nyumba, watu huelewa kwamba amemrithi awe mke wake. Ouma alikuwa na mke tayari. Uvumi ukawafikia wazee wa kanisa, nao wakamwita Seline mbele ya kasisi.

Seline alieleza bila haraka. "Nyumba yangu ilianguka. Watoto walikuwa wakilala jikoni kwa jirani. Ouma amenijengea, lakini halali kwangu. Muulizeni mke wake."

Wiki iliyotangulia kasisi alikuwa amemwambia Joram mbele ya wazee, akimwonyesha saa, kwamba anaongea mno. Mtu akisema dakika moja, yeye hutafsiri dakika tatu. Jambo hilo lilimchoma. Basi siku ya kesi ya Seline akaamua kufupisha.

"Anasema shemeji yake amemjengea nyumba," akatafsiri, na wazee, wasiojua Kiingereza, hawakutambua kilichoachwa.

"Na kwa desturi yenu hiyo ina maana gani?" kasisi akauliza.

"Ina maana amemrithi."

Kasisi akaandika. Joram alipoiona kalamu ikitembea, aligutuka. Lakini kujirekebisha kungekuwa kukiri mbele ya wazee walewale kwamba ukalimani wake ni mbovu, na jina lake lilikuwa limependekezwa awe msomaji rasmi wa ibada. Nitamweleza kesho, akajiambia. Kesho yake kasisi alipanda pikipiki kwenda Muhoroni, akakaa huko siku kumi.

Kasisi aliporudi, Joram mwenyewe ndiye aliyesimama Jumapili kutafsiri tangazo, kwamba Seline amefungiwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Seline hakumtazama Joram hata kidogo. Alimkazia macho mzungu.

Hakuacha kuja kanisani, na hilo ndilo lililomtesa Joram. Kwa miaka kumi na miwili alikaa benchi la nyuma, na wimbo wa kwenda mezani ulipoanza alitoka nje. Joram akawa hawezi kuuimba wimbo huo. Alifungua mdomo tu kama wengine. Alijaribu kulipa kwa njia nyingine. Alimlimia Seline shamba, alimtuma mkewe Dorca ampelekee samaki.

"Wajane hapa ni wengi," Dorca akamwambia siku moja. "Mbona samaki ni wa Seline tu?"

Joram akachukua jembe, akatoka. Mwaka wa 1970 binti wa Seline alifunga ndoa kanisani mle. Maharusi walipopiga magoti kupokea Ushirika, mama wa bibi harusi alikuwa nje kwenye jua pamoja na wapishi. Joram ndiye aliyeshika kitabu cha nyimbo mbele.

Mzungu alikuwa amesharudi kwao. Makasisi wawili wakapita, kisha mwaka wa 1975 akaja Kasisi Nicodemus, mtu wa Seme, ambaye ibada yake yote ilikuwa Kijaluo. Hakuwa na haja ya mkalimani. Alikuwa mtu wa kusoma madaftari ya zamani, na siku moja akamwuliza Joram, "Mwalimu, huyu Seline alikosa nini hasa?"

Joram akakaa chini, akamweleza yote.

"Na huyo Ouma?"

"Alikufa mwaka wa sitini na nane. Hakuwahi kulala pale."

Kasisi alifunga daftari. "Nenda umwambie mwenyewe. Mimi sitakutangulia."

Alimkuta Seline uani akipepeta mtama. Hakukaribishwa kiti, akasema akiwa amesimama. "Siku ile ulisema Ouma halali kwako. Maneno hayo sikumfikishia kasisi."

Ungo ukasimama. "Miaka yote hii," Seline akasema, "nilidhani alinisikia akakataa kuniamini. Nimemchukia mzungu wa watu bure."

"Nisamehe, Mama."

"Sijui, Mwalimu. Harusi ya binti yangu haifanywi mara ya pili." Akaanza kupepeta tena. "Ulinitangaza kanisani. Kaseme kanisani."

Jumapili Kasisi Nicodemus alitangaza kwamba Seline amerudishwa mezani, makosa yakiwa si yake. Lakini watu walishaanza makofi kabla ya maneno hayo ya mwisho, na mama mmoja akapaza sauti, "Bwana asifiwe, dada yetu ametubu!" Kasisi akamtazama Joram, akangoja. Joram alisimama akishikilia benchi.

"Hakutubu," akasema. "Hakuwa na la kutubu. Mimi ndiye niliyemfunga, kwa ulimi wangu." Akasimulia mpaka mwisho, jina la Ouma na yote. Makofi yalikuwa yamekatika zamani.

Baraza la kanisa lilimsimamisha usomaji rasmi wa ibada aliokuwa amepata, kwa mwaka mzima. Dorca hakula naye meza moja kwa muda. Seline hakwenda mezani Jumapili ile. Alikwenda siku ya Pasaka, katikati ya foleni, kama mtu yeyote. Mlangoni baada ya ibada humpa Joram mkono kwa sababu humpa kila mtu.

Mwaka wa 1978 nilimwuliza Joram kama moyo wake umetulia.

"Bado," akasema. "Ningalisema siku ileile, ingalikuwa aibu ya asubuhi moja."