Shada la Waziri Mpya

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, tukiwa kituo cha chai hapa nje ya Silibwet, tunangoja lori la kiwanda. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nchi ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia za uchaguzi. Nyumba zilichomwa, watu walikimbia. Kando yangu aliketi Mama Akinyi, jirani yangu kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amerudi majuzi, na mizigo yake hajaifungua, maana hakuwa ameamua kama atakaa au atatuhama kabisa.

Redio ikatangaza baraza jipya la mawaziri. Mtu wetu ameingia, wa kwao ametoka. Ee, vigelegele tulivyopiga! Nilikimbilia nyuma ya kituo nikachuma sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao sisi Wakipsigis humvisha mshindi shingoni, nikaanza kumsukia waziri shada. Niliimba huku namtazama Mama Akinyi usoni. Akashika kikapu chake, akainuka.

"Keti, Mama Akinyi," akasema Kogo Taplelei, nyanya wa mume wangu. Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo sinendet tunavalisha mtu amemaliza mbio. Huyo wenu hata viatu hajavaa. Na wewe, ile siku ya mvua uchungu ulikushika, nani alikupeleka hospitali? Ni waziri?"

"Ni Mama Akinyi," nikajibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi mkunga wangu nilimtukana hata kabla mtoto hajaacha kunyonya! Mama Akinyi aliketi, lakini kikapu hakukiachia.

Basi, chai tuliyopogoa mwaka ule haijachipua vizuri, waziri wetu akafutwa. Redio ikatutangazia tukiwa pale pale kituoni. Nikangoja Mama Akinyi acheke, maana ilikuwa haki yake. Hakucheka. Alinisogezea nafasi kwenye benchi, akaniuliza, "Mtoto amepona kikohozi?" Nililia, mwanangu. Mtoto huyo ndiye baba yako. Na Mama Akinyi alikaa hapa mpaka uzee ukamrudisha kwao. Hadi leo nikipita kituoni namkumbuka, moyo unaniuma.

Sasa nasikia baraza limevunjwa tena, na tangu jana unamrushia kijana wa jirani maneno kwenye simu. Mawaziri watapangwa na kupanguliwa, mwanangu, na hakuna hata mmoja atakayesikia ukipiga mayowe. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu wenu akiteuliwa, furahi, lakini usimfanyie jirani yako sherehe usoni. Mwache waziri afanye kazi kwanza, sifa zitamkuta. Na leo hii, kabla hujala, nenda kwa huyo kijana umwombe msamaha.

Mungu akutunze. Ng'ombe wako wasikaukiwe maziwa, na mlango wako usikose jirani wa kubisha hodi.