Neno moja la daktari na mguu wa Mama

Mama alijikata mguu kwa jembe shambani kwetu Nkungu, siku ya Jumatatu. Jeraha lilikuwa dogo, juu kidogo ya kifundo. Alilifunga kwa kipande cha kitenge, akaendelea kulima. Jumatano nilimpeleka kituo cha afya, ambako siku hiyo alikuwepo daktari mgeni aliyejua Kiingereza tu. Alimpa vidonge, akaandika karatasi ya kupeleka hospitali, kisha akaitwa haraka kwa mwanamke aliyekuwa akijifungua.

Niliisoma karatasi ile njiani. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari Nyakarenzo, lakini nilisomea Bukavu kwa Kifaransa. Kiingereza nilijifunza ukubwani, tuliporudi Rwanda. Daktari aliandika kwamba ngozi iliyozunguka jeraha ilikuwa "rubescent". Sikuwahi kukutana na neno hilo. Ila kwa Kifaransa mgonjwa anayepata nafuu tunamwita "convalescent", na maneno yale yalikuwa na mkia mmoja. Niliona aibu kwamba mwalimu mzima afungue kamusi, basi sikuifungua.

"Maman, ameandika ngozi iko napona," nilimwambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Hospitali tutaenda wiki ijayo."

"Mungu ashukuriwe," alijibu.

Ijumaa, saa ya mapumziko, mwalimu wa biolojia, mzee kuliko mimi, naye aliyesomea Bukavu, aliniuliza hali ya Mama. Nikamjibu kwa majivuno kidogo, nikimtajia lile neno langu jipya. Aliweka kikombe chake mezani.

"Madame, uliliona wapi?"

"Kwa karatasi ya Maman. Si ni kupona, Papa?"

"Hapana. Ni kitu kinaanza kuwa nyekundu. Ule mkia ni wa kuanza kuwa. Adolescent, muntu anaanza kuwa mukubwa. Lile ni neno la vitabu, batu habalisemake bakiongea." Akaongeza polepole, "Ngozi ikianza kuwa nyekundu kando ya kidonda, ugonjwa iko natembea."

Nilisimama nikaketi tena. Yeye ndiye aliyetoka kuniitia pikipiki.

Nilimkuta Mama mlangoni, mguu juu ya kigoda, amejifunika vitenge viwili na jua linawaka. Wekundu sikuuona. Ngozi yake ni nyeusi sana. Ilikuwa imevimba na kung'aa kama biringanya, na joto lake nililisikia kabla mkono wangu haujaigusa.

"Maman, iko nauma hivi tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si ulisema niko napona? Nikafikiri kupona njo kunaumaka hivi."

Hadi leo sijui nilimbebaje hadi barabarani, kwenye ile pikipiki. Hospitalini muuguzi aliisoma karatasi, akaangalia tarehe, akaniangalia mimi. "Hii ni ya Jumatano," alisema, basi. Kisha akamwita mwenzake na kitanda cha magurudumu. Walimpasua mguu jioni ileile kutoa usaha. Niliambiwa kwamba kama tungengoja hadi Jumapili, huenda mguu usingebaki.

Siku ya nne homa iliposhuka nilimweleza Mama yote: neno, mkia wake, na aibu yangu ya kamusi. Nilitazamia machozi au ukali. Aliupapasa mguu juu ya bandeji.

"Mbona hakuandika tu nyekundu?"

"Sijui, Maman."

"Na kwa ngozi yangu hii, hiyo nyekundu aliiona wapi?"

Alicheka kidogo, akashika ubavu. Mimi sikuweza kucheka. Tulirudi Nkungu baada ya wiki mbili, Mama akitembea kwa fimbo, na kesho yake asubuhi nikamkuta shambani, ameegemeza fimbo kwenye mgomba, anapalilia maharage.