Hedifoni za Kumtafutia Mama

Hedifoni za maana nilizivaa kwa mara ya kwanza Ipagala, kwenye nyumba ya kupanga, niliporudi Dodoma baada ya kazi ya alizeti kunishinda kule Singida. Mpangaji mwenzangu, karani wa ofisi moja ya serikali, alikuwa na ugonjwa wa vyombo vya muziki. Hedifoni zake zilifunika masikio kama vikombe, na waya wake ulipita kwanza kwenye kiboksi kidogo cha kusafisha sauti kabla ya kufika kwenye simu. Tulibishana karibu kila Jumamosi.

"Sikio ni lile lile," nilimwambia, "hata ulivishe dhahabu."

"Lako limezoea makelele ya stendi. Vaa kwanza, halafu uongee."

Nikavaa. Akaniwekea kwaya, akaniwekea dansi, akanibadilishia na zile zangu za machinga. Kusema kweli sikuona tofauti ya kumtoa mtu nyumbani. Besi ilikuwa nzito kidogo, basi. Alininunia kana kwamba nimetukana pilau ya mkewe.

Ndipo nikamwomba niweke kitu changu mwenyewe.

Ni kanda iliyorekodiwa uani kwetu, kijiji cha jirani na Gulwe, kaka yangu alipotoka jandoni. Mjomba aliweka redio kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na wanawake wakaimba huku ngoma wamezibana mapajani. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Kanda hiyo niliihamishia kwenye simu, nikahama nayo simu kwa simu: Bahi kwenye mpunga, Manyoni, Singida. Ndani ya ule uji wa sauti kuna moja nyembamba inayopanda juu ya wenzake, kisha inakatika kidogo kabla ya kushuka. Nyumbani wote tulikubaliana kwamba ni ya mama. Aliyesema kwanza simkumbuki.

Kwenye hedifoni za karani uji ule uliachana. Nilisikia mbuzi. Nilisikia mtu anakohoa, na kiganja kikisugua ngozi ya ngoma. Ile sauti nyembamba ikasimama peke yake, karibu mno, hadi pumzi ikivutwa naisikia. Nilizivua nikatoka nje, nikajifanya naangalia kama ndoo yangu imejaa.

Karani alipopata uhamisho aliniachia hedifoni pamoja na kiboksi, kwa bei ya kishikaji. Sasa maneno ya ule wimbo yalisikika, ila Kigogo changu kimechakaa kwa kutembea. Nikapanda treni kwenda Gulwe kwa mama mdogo, wa mwisho aliyebaki kati ya wale waimbaji, ili aniambie mama alikuwa anasema nini.

Nilimkuta anapeta uwele. Baada ya shikamoo na habari za safari, nikamvisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Zinabana, mwanangu. Ndivyo mnavyoteseka huko mjini?"

"Subiri, mama."

Alitulia. Mguu wake ukaanza kugonga chini. Kisha akacheka.

"Huyu ni mimi."

"Yupi?"

"Huyu anayekatika pumzi. Nilikuwa na mimba ya dada yako wa Mpwapwa, pumzi hazitoshi."

"Lakini siku zote tumesema huyo ni mama."

"Mlikuwa mnanishikisha kisimu kinakoroma, mimi naitikia tu." Akanitazama. "Jando lilikuwa la mwanawe. Mwenye shughuli ataimba saa ngapi? Mama yako alikuwa jikoni tangu alfajiri, ugali juu yake, vyungu vya pombe juu yake. Alipotoka kwenye moshi, watu wanaaga."

Nilimwomba asikilize hadi mwisho, labda mama anapita, labda anamwita mtu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akiwataja mmoja mmoja: shangazi yako huyu, huyu yule jirani wa karibu na reli, anayekohoa ni babu yako. Kanda ikakatika. Akatikisa kichwa.

Nimehudhuria shughuli nyingi, na sijawahi kumwona mama mwenye nyumba amekaa na waimbaji. Kwa kuwa ua ulikuwa wetu, sikuwahi kulifikiria hilo. Karani alikuwa sahihi, tofauti ipo. Kwa zile za machinga mama angeendelea kuwa mle ndani, katikati ya vurugu, na mimi ningeendelea kuhama naye.

"Rudisha pale pangu," mama mdogo alisema. "Nilikuwa na sauti, jamani."

Nikarudisha. Akafumba macho, mikono juu ya ungo, akaanza kuimba taratibu akijifuata mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni yake. Kwenye vile vikombe, kwa nje, ulisikika mchakacho tu.